Nyumba ya safu hununui peke yako: tuliyojifunza Dordrecht

Ndugu wengi walioko huku Uholanzi na Ubelgiji wakisikia tumenunua nyumba, swali la kwanza ni hela, mliipata kwa ngapi, benki iliwapa kiasi gani, mlikuwa na akiba ya namna gani. Hayo ntayasema, najua ndo yanayonyima watu usingizi. Ila hela ina fomu zake na wapo watu wanaolipwa kukuelekeza. Kitu ambacho hamna mtu anakaa na wewe akakueleza ni kwamba nyumba ya safu, hizi zilizobanana ukuta kwa ukuta toka kona mpaka kona, huimiliki kivyako hata kama hati ina jina lako peke yako. Ukuta wa katikati ni wenu wawili na sheria ya huku inasema hivyo hivyo, gata la paa linapita juu ya nyumba nne, bomba la maji machafu linapita chini ya majiko yenu wote, na msingi ndo usiseme. Jirani akitengeneza na wewe umepona, asipotengeneza mnaumia wote. Kwa iyo unapoenda kuangalia nyumba, angalia na watu.

Sisi tuko Dordrecht, kusini ya Rotterdam, treni ni kama robo saa hivi. Mume wangu anafanya kazi upande wa bandari na mimi niko kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa hapa mjini. Nyumba ilijengwa 1934, ya tofali, dirisha la sebuleni limechomoza nje kidogo, juu ya mlango kuna vioo vya rangi vilivyoungwa kwa risasi, ngazi ya kwenda juu nyembamba na imesimama kweli kweli, makabati na kitanda vilipandishwa kwa lifti ya nje vikaingizwa dirishani. Mtaa ni wa kimya, watoto wanaendesha baiskeli katikati ya barabara, jioni mapazia yako wazi unaona watu wanakula. Ni mtaa ambao mtu akihamia anakaa miaka 30, 40, na hilo lina maana kubwa kuliko nilivyodhani.

Kabla hatujaanza kutafuta kuna kaka mmoja wa kwetu Tanga, yuko huku toka miaka ya 90, fundi ujenzi, alinikalisha chini. Akaniambia, "Dada, utaingia nyumba ya kwanza utapenda jiko. Achana na jiko, jiko linang'olewa wiki moja. Tazama milango, tazama nyufa, omba kuingia uvunguni, chini ya sakafu. Halafu gonga kwa jirani." Nikamuuliza, "Kaka, nagongaje kwa mtu nisiyemjua, huku si kila kitu kwa miadi?" Akasema, "Gonga. Mwambie unataka kuwa jirani yake. Hawakatai hao."

Nyumba ya kwanza tuliyoipenda ilikuwa mtaa mwingine, na kweli jiko lilikuwa jipya, linang'aa. Mwanangu mdogo alikuwa na gololi mfukoni, akaiweka chini sebuleni ikaanza kutembea yenyewe toka dirisha la mbele ikaenda mpaka mlango wa nyuma. Nikaanza kuangalia alivyosema kaka. Mlango wa chumba cha juu ulikuwa umepunguzwa kwa juu, upande mmoja umechongwa kama vidole viwili na upande wa pili haujaguswa, yaani fremu imekaa upande na mtu akaona bora akate mlango ufunge. Nje, ukutani, ufa ulikuwa unashuka kama ngazi kufuata simenti ya katikati ya tofali, na sehemu zingine simenti ilikuwa mpya, rangi tofauti. Dalali wa muuzaji akasema ni kawaida kwa nyumba za umri huo. Na hapa nielewesheke, dalali wa muuzaji ni wa muuzaji, kazi yake ni kumtetea yule anayemlipa, ukitaka wa kukutetea wewe unaajiri wako mwenyewe.

Tukagonga kwa jirani. Mzee mmoja akatufungulia, akatusikiliza mlangoni, kisha akatuambia wazi kwamba safu nzima ina tatizo la msingi, wawili wanataka kutengeneza, mmoja hana hela, mwingine amepangisha nyumba na hajibu barua, na mazungumzo yamekwama muda mrefu. Hatukurudi tena pale.

Hili la msingi nataka nilieleze vizuri maana watu wetu wengi hawalijui kabisa. Ardhi ya upande wa magharibi wa Uholanzi ni udongo wa mfinyanzi na mboji laini, haiwezi kubeba nyumba. Kwa iyo zamani, mpaka kufika miaka ya 70 hivi, walikuwa wanapigilia magogo ardhini mpaka yafike kwenye mchanga mgumu halafu ukuta unajengwa juu ya hayo magogo. Gogo likiwa chini ya maji muda wote linadumu, maana kule hamna hewa na ukungu unaoozesha mti hauishi bila hewa. Sisi watu wa Pwani tunalifahamu hili, nguzo ya gati haiozi kule chini kabisa, inaoza pale maji yanapopanda na kushuka. Sasa maji ya ardhini yakishuka, vichwa vya magogo vinabaki wazi, ukungu unaanza kazi. Na yanashuka kwa mambo mengi, ukame kama ule wa 2018, au kina cha maji kinachopangwa na mamlaka ya maji, hata bomba la maji machafu lililopasuka chini ya barabara linanyonya maji ya ardhini kidogo kidogo na hakuna anayeona. Kuna na bakteria wanaokula misonobari pole pole hata ikiwa ndani ya maji. Februari 2024 baraza la ushauri la serikali linaloitwa Rli lilitoa ripoti kwamba majengo kama 425,000 nchi nzima yana matatizo ya msingi au yako njiani kuyapata. Dordrecht, Rotterdam, Zaanstad, Gouda, Haarlem, hii miji ukinunua nyumba ya kabla ya 1970 bila kuuliza habari ya magogo unajiweka pabaya.

Kutengeneza si mchezo. Wanavunja sakafu ya chini yote, wanashindilia nguzo mpya za chuma, wanamwaga zege jipya, na nyie mnahama kwa muda. Gharama kwa nyumba moja inafika euro 100,000 bila shida na mara nyingine inapita. Na kwa sababu ule ukuta wa katikati umekalia magogo yale yale ya nyumba mbili, huwezi kutengeneza upande wako peke yako ukamuacha mwenzio anaendelea kuzama, ukuta utapasuka pale mlipoungana. Ndo maana nasema watu. Benki yenyewe inaweza kukupa mkopo lakini jirani asiyetaka kusaini benki haimuwezi.

Nyumba yetu hii tulipokuja kuiangalia niliomba kwanza ripoti ya msingi. Mwenye nyumba hakuwa nayo, dalali akasema haijui. Nikagonga kwa jirani wa mkono wa kushoto, akatoka bibi mmoja, ameshavuka miaka 80, amekaa pale toka ameolewa. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, akaniuliza nina watoto wangapi, nikamwambia, akaniambia subiri. Akarudi na faili la kijani. Humo ndani alikuwa na kila kitu cha safu yetu, ripoti ya uchunguzi wa msingi waliyochangia nyumba zote nane miaka ya nyuma, risiti za gata, barua za manispaa. Wachunguzi walichimba shimo pembeni ya ukuta mpaka wakafikia vichwa vya magogo, wakapima ugumu wa mti kwa kifaa kinachochoma sindano, wakakata vipande wakapeleka maabara, na mbele ya nyumba wakafunga vibolti vidogo vya kupimia kama ukuta unashuka. Mwisho wa ripoti wanaandika msingi unategemewa kukaa miaka mingapi bila kuguswa, kwa yetu waliandika zaidi ya 25. Ule ukurasa niliupiga picha nikamtumia yule kaka, akanijibu neno moja tu, "Nunueni."

Hata hivyo tulilipia mkaguzi wa majengo, ni kama euro 500, na nawasihi msiikwepe hii hela. Tulimfuata nyuma nyuma. Alinyanyua zulia la mlangoni, chini yake kuna mfuniko wa mbao, akaufungua, akavaa ovaroli akajilaza kifudifudi akaingia uvunguni na tochi. Mimi nikapiga magoti pale nachungulia. Chini ni mchanga umechanganyika na maganda ya kombe, harufu ya unyevu lakini si ya kuoza, na mihimili ya sakafu imechomekwa kwenye ukuta wa tofali. Akawa anaenda mhimili mmoja mmoja, pale mwisho wake unapoingia ukutani anachoma na bisibisi, ukisikia imegonga ni mti mzima, ikizama kimya mti umekwisha. Upande wa jiko miwili ilizama. Alipotoka alinionesha bomba la maji karibu na mita, akalikwaruza kwa sarafu, ndani likatoka rangi ya fedha na ukucha unaacha alama, risasi hiyo. Nyumba za kabla ya 1960 mabomba ya risasi mara nyingine bado yapo, na kama una mtoto mdogo unayemtengenezea maziwa kwa maji ya bomba hilo ndo jambo la kwanza kung'oa kabla hujafikiria rangi ya ukuta. Banda la nyuma nalo lilikuwa na bati za asbesto. Asbesto imepigwa marufuku huku toka miaka ya 90 mwanzoni lakini iliyopo ipo, bati zilizofungwa kwa skrubu zisizozidi mita za mraba 35 mtu binafsi anaruhusiwa kuzitoa mwenyewe akishatoa taarifa manispaa, kwa masharti yao, kuzilowesha, kutozivunja, kuzifunga kwenye nailoni maalumu.

Ripoti ya mkaguzi ndo iliyotusaidia kupima tutoe bei gani. Maana kwenye mkataba wa nyumba za zamani wanaweka kifungu cha umri, kinasema mnunuzi anajua nyumba ni ya zamani na hatadai ubora wa nyumba mpya, na kingine cha asbesto. Ukishasaini hivyo, kulalamika baadaye ni kugumu. Muuzaji ana wajibu wa kusema anachokijua, na wewe una wajibu wa kuchunguza, mahakama inaangalia vyote viwili.

Haya, hela. Ilikuwa 2023. Waliomba euro 315,000 tukatoa 327,000, na bei za wenzako huzioni, kila mtu anatuma ofa yake kwa imeili na muuzaji anachagua. Ukiona herufi k.k. pembeni ya bei ujue gharama za kuhamisha hati ni zako mnunuzi. Benki inakukopesha mwisho asilimia 100 ya thamani ya nyumba, haiongezi senti kwa ajili ya zile gharama, kwa iyo hizo lazima uwe nazo mkononi. Kodi ya kuhamisha ni asilimia 2, kwetu ikawa euro 6,540, walio chini ya miaka 35 ambao hawajawahi kuutumia msamaha huo wanasamehewa kama bei haijapita kiwango cha mwaka huo, sisi tulishapita umri. Ongeza notari, yule mwanasheria anayeandikisha hati, mthamini, mshauri wa mkopo, mkaguzi, na ada ya ile garanti ya taifa inayoitwa NHG ambayo mwaka ule ilikuwa asilimia 0.6 ya mkopo. Hiyo garanti ichukueni kama bei ya nyumba iko ndani ya kiwango chake, riba inashuka kidogo na ukipoteza kazi au mkiachana nyumba ikauzwa kwa hasara kuna uwezekano deni linalobaki likafutwa. Kingine, kabla ya kwenda benki angalieni majina yenu kwenye daftari la madeni la BKR, hata simu uliyochukua kwa mkopo wa zaidi ya euro 250 iko mle, na hata mkopo ambao ulimsainia ndugu.

Mama yangu nilipompigia nikamwamkia akaitikia, halafu akanyamaza kidogo akaniuliza, "Deni la miaka 30, mwanangu? Si mngejenga huku mdogo mdogo?" Nilimuelewa kabisa. Nikamwambia, mama, kiwanja cha kule kipo na kitajengwa, ila watoto wanasoma huku, kodi ya pango inapanda kila mwaka na haturudishiwi kitu, nyumba hii tukiondoa punguzo la kodi ya mapato kwa ajili ya riba tunalipa karibu sawa na tulivyokuwa tunalipa flati. Akauliza majirani wakoje. Nikamwambia habari ya yule bibi wa faili. Akasema basi sawa, nunueni.

Mkataba ukishasainiwa pande zote mnunuzi ana siku tatu za kujifikiria, unaweza kujitoa bila kutoa sababu wala faini. Zitumieni. Sisi tulienda kukaa mtaani usiku, asubuhi ya siku ya kazi, na Jumapili, kusikiliza tu. Baada ya hapo ukijitoa bila sababu iliyoandikwa kwenye mkataba, kama benki kukunyima, unadaiwa asilimia 10 ya bei, kwa iyo hakikisheni hicho kipengele cha benki kimo. Kwa notari kama Kiholanzi hakijakaa vizuri wanataka mkalimani, msione aibu, ile hati ina mambo ya njia ya nyuma nani anaruhusiwa kupita na nani anaitunza, ni maneno ya kuishi nayo miaka yote. Hati hiyo inapatikana Kadaster, ofisi ya taifa ya kumbukumbu za ardhi na nyumba, kwa euro chache hata kabla hujatoa ofa.

Baada ya kuhamia kazi haikuwa ndogo. Tulianza na bomba la risasi, kisha ile mihimili miwili, na fundi alipokuwa ameshafungua sakafu tukaweka vizuia baridi kwa chini hapo hapo, baadaye vioo viwili viwili mbele, kuna ruzuku ya serikali inaitwa ISDE ilirudisha sehemu. Kabla ya kudrili nilitia barua kwenye kila kisanduku cha safu, tarehe, saa za kelele, namba yangu ya simu. Jumapili hatugusi drili. Kutwanga nako, sakafu za mbao zinapeleka sauti mpaka kwa jirani, kinu nimekihamishia bandani kwenye zege, natwanga kisamvu huko na mlango wazi, na yule bibi siku ya kwanza alikuja kuangalia nafanya nini, akaonja kilipoiva, sasa hivi nampelekea bakuli kila nikipika.

Gata tumelibadilisha mwaka jana. Ni la zinki, linateremka pole pole juu ya nyumba nne na bomba la kushusha maji liko kwa jirani wa tatu, kwa iyo likitoboka kwetu maji yanaingia kwetu lakini likiziba kwake yanafurika kwetu pia. Wanne tulikaa sebuleni kwangu, nikapika maandazi na chai ya tangawizi, tukalinganisha bei za mafundi watatu tukagawana sawa kwa sawa. Bibi alikuwa na wasiwasi wa hela, jirani wa kona akasema yeye anaweza kumtangulizia, akakubali. Vibolti vya ukutani tumevipimisha upya, havijashuka cha kutisha, namba zimeingia kwenye faili la kijani ambalo sasa linakaa kwangu, bibi alisema macho yake yamechoka kusoma barua za manispaa.

Lililobaki ni bomba la maji machafu chini ya majiko. Kampuni ya kamera ilipita ndani ikakuta mizizi imeingia sehemu mbili na kiungio kimoja kimeshuka, na kwa vile bomba linalovuja linashusha maji ya magogo si jambo la kuliacha. Nyumba sita zimekubali kuchangia, mbili bado, moja ni ya wapangaji na mwenyewe anaishi mji mwingine. Nimempigia nikamtumia ripoti na picha, amesema anaisoma. Mwezi wa tisa tunakutana tena, safari hii kwa jirani wa kona.